Mama Amenenepa

4 Februari

Mdogo wangu Mwalimu,

Leo salamu zitangoja, maana habari niliyo nayo inaniwasha ulimi. Mnene aliniita ofisini jana saa nne, akafunga mlango, akaniambia kuanzia mwezi wa sita nitasimamia chumba cha kukata. Mzee anayekisimamia sasa anastaafu mwisho wa mwezi wa tano. Watu saba chini yangu, Mwalimu, mimi niliyeanza kwa kuokota vipande vya ngozi chini ya meza za wenzangu. Sharti ni moja: mpaka siku hiyo hakuna ruhusa wala udhuru. "Atakayeniomba hata siku mbili," amesema, "nitajua kiti hakitaki." Nikamwambia nakitaka.

Nimefurahi mpaka mikono inatafuta kazi. Nataka kumshonea mama viatu, mimi mwenyewe, baada ya saa za kazi. Fanya hivi. Msimamishe juu ya karatasi ngumu, bila soksi, uzito wote miguuni. Chora unyayo, penseli iwe wima. Ukiilaza utaniletea mguu wa tembo. Kisha chukua tepu umzungushe sehemu mbili: mgongoni mwa mguu, pale kamba za viatu hufungwa, na kwenye kifundo. Niandikie namba. Muulize pia kama anataka soli nene au nyembamba.

Simu ya posta yenu bado imekufa? Nimepiga mara tatu, inakoroma kidogo halafu kimya. Basi tuandikiane kama wazee wetu.

Kaka yako,
Fundi

15 Februari

Kaka, shikamoo.

Barua yako nimemsomea mama mara mbili. Mara ya kwanza alifurahi, mara ya pili akaanza maswali. Huyo Mnene ni nani, na unene wake unahusiana vipi na kupangia watu kazi? Mimi nilidhani ni mpishi wa kantini yenu.

Fundi wa simu alikuja posta wiki iliyopita, akaitazama, akaondoka nayo.

Nyayo zote mbili hizi hapa. Mgongo wa mguu ni sentimita ishirini na nne na nusu, kifundo ishirini na tatu. Mama anataka soli nene kwa sababu ya kokoto za njia ya sokoni. Hajambo. Anasema nikuambie amenenepa kidogo. Amesimama nyuma yangu anaitazama kalamu, ingawa bila miwani herufi hazioni. "Umeandika amenenepa?" Nimeandika, mama. "Basi. Usiongeze."

Anakuombea kiti hicho kila siku. Amesema pia kwamba kazi uliiacha mara moja, baba alipougua, ukarudi nyumbani miaka mitatu, na wenzako wakakupita. Hataki uiache mara ya pili. Sijui kwa nini amelitaja hilo, lakini amesema niliandike.

Mdogo wako,
Mwalimu

26 Februari

Mwalimu, marahaba.

Mpishi wa kantini. Nimeisoma kwa sauti, karakana nzima ikaacha nyundo. Mdogo wangu, Mnene ndiye mwenye karakana. Mwilini ni mwembamba kama shazia, ile sindano ya kushonea magunia. Akigeuka ubavu inabidi umtafute. Huku mjini mwenye cheo ndiye mnene, awe na nyama au asiwe nazo. Meneja ni mnene, mkuu wa kituo ni mnene, hata karani wa mihuri ni mnene ukiwa na shida naye. Mwambie mama mwanawe naye ataanza kunenepa mwezi wa sita, bila kuongeza hata kilo.

Lakini habari yake imenifurahisha kuliko ya kiti. Tangu baba atutoke amekuwa ufito, gauni linamning'inia kama liko kwenye kamba. Nilipomwacha mwaka jana nilimshika bega nikahisi mfupa, nikasafiri nao huo mfupa mkononi mpaka huku. Sasa amenenepa. Kumbe anakula. Kumbe analala. Ulichokuwa unampikia endelea nacho, usibadilishe hata sufuria.

Viatu nimempa dereva wa basi la Jumatano. Ngozi ya kahawia, laini, na soli nene ya tabaka mbili. Niambie alivyotembea navyo.

Fundi

20 Machi

Kaka, shikamoo.

Viatu vimefika, na ni vizuri kiasi kwamba jirani ameomba kuvishika. Lakini haviingii. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda, yeye akasukuma, mimi nikavuta, vikagoma mgongoni mwa mguu. Alicheka mpaka pumzi ikampotea, ikabidi tungoje muda mrefu kabla hajaweza kusema. Alichosema ni kwamba labda umetumia ngozi nene.

Nimemchora na kumpima tena, karatasi imo ndani. Mgongo wa mguu ishirini na saba. Kifundo ishirini na sita na nusu. Nimepima mara mbili, asubuhi na jioni. Jioni ilizidi kidogo, nimekuandikia ya asubuhi. Anasema nikuambie amezidi kunenepa.

Mengine ya hapa ni ya kawaida. Darasa langu limefika watoto sitini na wawili. Paa la jikoni tumeliziba. Kuna mtu mmoja mnene huja kila Alhamisi mchana, huingia na mama chumbani, hufunga mlango nusu saa. Ana sauti nene, inapita ukutani, ila maneno hayashikiki. Mama humsikiliza kuliko anavyonisikiliza mimi.

Mdogo wako,
Mwalimu

30 Machi

Mwalimu,

Nimekaa na barua yako siku tatu. Nianze na dogo. Ngozi ile ina unene wa milimita moja na robo. Nimeipima kabla ya kukata na nimepima kipande kilichobaki. Ni laini, watu hulala wamevaa viatu vya ngozi ile. Kama havikuingia, uliilaza penseli.

Sasa kubwa. Mnene gani huyo? Ni mkuu wa nini? Tangu lini wakubwa wana kazi nyumbani kwetu? Umeandika habari zake katikati ya paa la jikoni na watoto sitini na wawili, kama mtu anayedondosha sahani halafu anatazama pembeni. Mlango unafungwa, Mwalimu. Baba ana miaka miwili tu kaburini, na chumba kile ni chake.

Sisemi mama hana haki. Mama ni mtu mzima. Lakini nasikia sauti nene ya mwanamume ndani ya nyumba yetu kupitia barua ya mdogo wangu, na sijui nishike wapi. Niandikie waziwazi: ni nani, ana cheo gani, anataka nini.

Fundi

9 Aprili

Kaka, shikamoo.

Sikusema ni mkuu wa chochote. Nilisema mnene. Ana tumbo, ana shingo, na kiti cha baba kimelegea mguu mmoja kwa ajili yake. Huku kwetu neno hilo bado ni la mwili, usinitafsirie kwa kamusi ya karakana.

Anakuja kwa kazi yake. Ana adabu. Zaidi ya hapo nimekatazwa. Nilimwomba mama ruhusa ya kukujibu swali lako, akasema mambo ya wakubwa wataulizana wakubwa, na kwamba nikiandika neno moja lisilo lake ataacha kula. Unamjua. Akisema ataacha kula, ataacha.

Penseli sikuilaza, kaka. Nafundisha watoto kuchora mistari kila siku. Naomba kitu kimoja: zitoe zile namba zangu uzitazame, za Februari na za Machi, wewe mwenyewe, kama fundi. Usizitazame kama kaka aliyekasirika.

Mdogo wako,
Mwalimu

18 Aprili

Mama, shikamoo.

Nakuandikia wewe mwenyewe kwa sababu kupitia kwa Mwalimu napata mafumbo. Akusomee barua hii yote, asiruke.

Nimeambiwa kuna mtu anakuja Alhamisi. Nimeambiwa ana mwili na ana sauti na kiti cha baba kimeanza kulegea chini yake. Mama, kama umepata mwenzako, niambie. Mimi ndiye kifungua mimba wako, nilimwosha baba kwa mikono hii, sistahili kuokota habari za nyumba yangu kwenye pembe za barua. Nilifurahi niliposikia umenenepa. Niliwatangazia watu. Sasa nimejua kilichokunenepesha. Raha haina siri, huonekana mwilini.

Sitakuja kugombana na mtu. Ruhusa sina, na hata ningekuwa nayo sijui kama ningekuja.

Mwanao

28 Aprili

Mwanangu,

Mwalimu anaandika, mimi nasema. Barua yako nimesomewa yote, hakuruka.

Ndiyo, kuna mtu. Ukishakaa kwenye kiti chako mwezi wa sita, na watu saba wakikusikiliza, nitakuambia ni nani. Kabla ya hapo usiniulize, wala usimsumbue mdogo wako. Kasirika ukitaka. Hasira haimzuii mtu kukata ngozi.

Baba yako alikupenda. Na mimi pia.

Mama yako

*Kaka, haya ya chini ni yangu. Mama amelala. Nimemchora miguu tena na kuiweka karatasi ndani ya bahasha. Hajui kama naituma. Tazama nilichoandika pembeni. — Mwalimu*

8 Mei

Mwalimu,

Barua hii nampa dereva wa basi la leo, Alhamisi. Mimi nafika Jumamosi. Kesho naenda kwanza hospitali kuu kuuliza habari za kitanda.

Nitakuambia ilivyokuwa, kwa sababu nikifika sijui kama nitaweza kusema. Karatasi yako ya tatu niliifungua mezani pangu jana. Nilikuwa bado na hasira za ile barua ya mama, "ndiyo, kuna mtu," nikataka kuikunja. Halafu nikaona ulivyochora: kwenye ile ya Februari nyayo mbili ziko mbalimbali, kwenye hii zinagusana. Nikazitoa zote nikazipanga. Urefu ni uleule, haujaongezeka hata unene wa uzi. Ila mgongo wa mguu ulianza ishirini na nne na nusu, sasa ni thelathini na moja. Kifundo thelathini. Na pembeni, kwa herufi zako za ubaoni: *Alama ya tepu imebaki kwenye ngozi mpaka nilipomaliza kunywa chai.*

Sikuelewa. Naapa sikuelewa, nilisimama pale nikifikiri sasa nitapata wapi kalibu ya kushonea kiatu cha mguu huu. Mzee anayestaafu alikuwa anapita, akainama juu ya karatasi. Ameshona viatu vya wagonjwa miaka mingi kabla ya kuja kwetu. Akauliza, "Huyu anakula?"

Nikasema anakula, amenenepa.

"Mtu akinenepa," akasema, "tumbo hutangulia, halafu mikono, halafu uso. Mguu huwa wa mwisho kupata habari. Huyu ameanzia chini." Akabonyeza karatasi kwa kidole, kana kwamba ni nyama. "Ukimbonyeza, shimo linabaki. Huyu amejaa maji, na maji hayo yanapanda. Ni nani?"

Nikamwambia ni mteja.

Mwalimu, nilisema mteja.

Nimeenda kwa Mnene. Aliniuliza kama najua ninachoomba. Nikasema najua.

Usimwambie mama kwamba nakuja.

Fundi

19 Mei

Kaka, shikamoo.

Siku mbili ulizokaa hapa hukusema nami zaidi ya "leta mkoba" na "funga dirisha". Sikulaumu. Wewe na mama mlipopanda basi Jumatatu kwenda hospitali kuu nilirudi nyumbani nikakuta bakuli lake la uji limebaki nusu, nikakaa nalo kama na mgeni mpaka uji ukapoa. Ndiyo naandika.

Ilianza Desemba. Mama alikuwa anatoka bombani na ndoo, akaiweka chini, akakaa kando ya njia, akawa anavuta hewa kama mtu aliyetolewa majini. Nilimpeleka zahanati. Yule mtu mnene ni tabibu wa zahanati. Mlango ulifungwa kwa sababu alikuwa anamsikiliza mama kifuani na mgongoni, na mama hawezi kuvua blauzi mlango ukiwa wazi. Sauti nene ilikuwa inamsihi aende hospitali kuu. Kila Alhamisi ilimsihi, na kila Alhamisi mama alijibu, "Mwanangu akae kwenye kiti kwanza."

Mama alijua ukisikia tu utaacha kila kitu, kama ulivyoacha kwa baba. Akanikalisha chini. Nikamwambia siwezi kukudanganya. Akasema, "Hatutamdanganya, tutamwambia nimenenepa, kwani sijanenepa?" Nikamtazama miguu. Nikaliandika. Wewe ukajibu kwamba sasa unalala vizuri, au kama si hivyo basi kwamba mama analala vizuri. Nimesoma barua ile mara nyingi, sikumbuki tena kipi ni chako na kipi nimekiongeza mimi.

Habari za Alhamisi nilizipenyeza mimi. Nilitaka uulize, uulize vizuri, unibane mpaka nishindwe kuficha. Ukauliza swali lingine kabisa. Halafu ukamwandikia mama yale ya raha inayoonekana mwilini, na mimi ndiye niliyemsomea. Kisha akasema, "Afadhali. Akiamini hivyo hatakuja." Nikachukua kalamu nikaandika *ndiyo, kuna mtu*, kwa mwandiko huu huu ninaowafundishia watoto wa watu.

Sijui nilikuwa namlinda nani, kaka. Wakati mwingine nadhani nilimlinda mama. Wakati mwingine nadhani nilijilinda mimi na ugomvi wake. Kichwani mwangu mambo haya hayakai kwenye mstari.

Anaendeleaje? Usinifiche.

Mdogo wako,
Mwalimu

2 Juni

Mwalimu, marahaba.

Nimechelewa kwa sababu kila nikiandika "anaendelea vizuri" nafuta. Nimeanza kuogopa maneno ya barua.

Nikuambie ninachokiona. Yuko wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani, mgongo umeinuliwa kwa mito mitatu kwa sababu akilala chali hapati pumzi. Kila asubuhi wanampandisha kwenye mizani. Wanampa vidonge vya kutoa maji, anakwenda chooni mara kumi kwa siku, na kila mara analalamika kwamba hospitali hii inamkimbiza. Amekonda kilo tisa. Daktari ameshangilia. Nilipomwambia mama amekonda, mwenyewe akatabasamu, na mimi nikawa sijui nicheke au nilie, maana niliyaombea mwaka mzima yale yaliyokuwa yanamuua.

Halafu kuna hili. Walimpiga picha ya moyo. Daktari, mwanamke mdogo tu, ana umri wako, akaniambia, "Ukuta wa moyo wa mama yako umekuwa mnene." Nikashukuru. Nilishukuru kwa sauti, Mwalimu. Mimi kwangu ukuta mnene ni ukuta imara, soli nene ni soli inayodumu. Akaniangalia, akavuta kiti. Akanieleza kwamba shinikizo la damu limekuwa likiusukuma moyo ule miaka mingi, nao ukajijenga unene kama kiganja cha mkulima, na ukuta ukiwa mnene namna hiyo ndani hubaki nafasi ndogo, damu haiingii ya kutosha, na maji yanarudi miguuni. Nikamuuliza kama unaweza kupunguzwa. Akasema wanaweza kuupumzisha. Dawa kila siku ya maisha yake, chumvi kidogo, ndoo asibebe tena. Nikauliza maisha hayo ni marefu kiasi gani. Akasema wangemwona Desemba angejibu kwa ujasiri zaidi.

Sitakulaumu kwa Desemba. Nilitaka, nimeshindwa. Namba ulinitumia tangu Machi na mimi nilikuwa nagombana na ngozi. Kilichobaki kunichoma ni ile barua niliyomwandikia. Wiki ya kwanza nilijaribu kumwomba radhi. Nilipiga magoti kando ya kitanda, manesi wakadhani nimedondosha kitu. Mama akasema, "Inuka, suruali itachafuka." Basi. Sijui kama amenisamehe au amenihurumia.

Kiti amepewa mwingine. Leo ndiyo siku yake ya kwanza, nimempa mkono. Bado nina meza yangu. Mama hajui, akiuliza namwambia mambo ni mazuri.

Fundi

9 Juni

Kaka, shikamoo.

Umesema mambo ni mazuri. Umemwambia mama hivyo. Nimesoma sentensi hiyo nikaiona kama niliiandika mimi.

Mwambie.

Mdogo wako,
Mwalimu

21 Juni

Mwanangu Mwalimu,

Safari hii kaka yako ndiye anayeandika. Nimemkataza kubadilisha neno, na akimaliza nesi atanisomea ili nihakikishe, maana nyinyi wawili nimewajua.

Kaka yako ameniambia kuhusu kiti. Aliniambia juzi, akiwa ananimenyea chungwa, akitazama chungwa. Nilikasirika sana. Nilimwambia nimebeba kifua hiki miezi mitano kwa ajili ya kiti kile, nimewafundisha watoto wangu wote wawili ujanja, nimejisingizia mwanamume nisiyemtaka, na bado kiti kimepotea. Nilisema mengi. Mama wa kitanda cha pili alijifanya amelala. Kaka yako akangoja mpaka pumzi iliponikatika, akasema, "Mama, mimi sikukuomba kiti." Amekataa kuandika hilo mara ya kwanza, nimemlazimisha.

Nimelifikiria usiku na mchana. Ni kweli hakuniomba. Baba yenu alipougua nilimwona mtoto huyu akirudi na sanduku la vifaa vyake, akalisukuma uvunguni, na kwa miaka mitatu sikumsikia akilitaja. Nikaapa moyoni. Lakini nilimwapia yeye bila kumuuliza. Na wewe nilikuweka katikati, mtoto wangu, nikakupa kalamu na kukushikia mkono. Nilikuona ukiandika huku umeuma mdomo. Niliona na nikanyamaza. Hilo ni langu, usilibebe.

Tabibu mpe salamu. Mwambie alikuwa na haki kila Alhamisi, na kile kiti cha baba yenu kilicholegea kitapata fundi wa kukikaza. Hapa wamesema nikae wiki mbili nyingine, halafu nitahamia chumbani kwa kaka yako mpaka watakaponiruhusu kusafiri. Chumba chenyewe nimeambiwa kina dirisha moja na kinanuka gundi. Nitavumilia.

Miguu imepungua. Naiona mifupa yangu tena, na vidole vimekuwa vya kizee, sikuvijua. Jana kaka yako alikuja na tepu, akapima bila kusema, akaandika namba kwenye kiganja chake. Sikumuuliza ni ngapi na hakuniambia. Ameniambia sasa hivi, kwa kuwa tunaandika: mgongo wa mguu ni ishirini na tano.

Asubuhi hii daktari amepita na wanafunzi wake watano wamesimama nyuma yake. Ameniuliza, "Mama, unaendeleaje leo?" Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema sijambo, kama ninavyosema tangu nizaliwe. Kaka yako alikuwa mlangoni na chupa ya chai, amesimama, ananitazama. Nikamwambia daktari kwamba nikitembea mpaka chooni kifua kinabana. Mguu wa kushoto unauma tangu jana. Usiku sipati usingizi kwa sababu naogopa nikilala sitaamka. Wanafunzi wote watano wakaandika. Daktari akakaa kitandani, akanishika mkono, tukazungumza kwa muda mrefu, hajawahi kukaa hivyo tangu nije.

Sasa niambie na wewe, huko peke yako na watoto sitini na wawili, unaendeleaje. Usiniandikie kwamba hujambo.

Mama yako